Sukari Kinywani, Sukari Mwilini: Mwongozo Kamili wa Kulinda Meno Bila Kuunyima Mwili Nguvu

Jioni moja nilimlaza binti yangu kichwa mapajani, nikawasha tochi ya simu na kuangalia kinywani. Alikuwa analalamika kwamba chai inamchoma "huku nyuma". Nyuma kabisa ya meno ya utoto, chini upande wa kulia, nikaona gego pana ambalo sikuwahi kujua limeota. Katikati ya mifereji yake palikuwa na tundu jeusi, dogo kiasi cha kuingia kichwa cha pini. Nikamwambia mama yake, si neno, hilo ni la utoto, litang'oka lenyewe.

Halikuwa la utoto. Lilikuwa gego la kudumu, lile la kwanza linaloota mtoto akikaribia miaka 6. Linaota nyuma ya mengine yote bila kusukuma jino lolote, ndiyo maana wazazi wengi hatulioni. Likiharibika, hakuna jingine linalongoja chini yake.

Mwongozo huu nimeuandika kwa sababu ya tundu lile. Nilipoanza kuuliza na kusoma, nilijibiwa mambo mawili yanayogombana: wengine waliniambia niondoe sukari yote nyumbani, wengine wakaniambia mtoto anahitaji sukari ili apate nguvu. Kila upande una sehemu ya ukweli, na kinachowapatanisha ni hiki: mwili unahesabu vijiko, meno yanahesabu mara. Ukilielewa hilo, hatua zilizo hapa chini hazitakuwa amri za kukariri, utajua mwenyewe kila moja inafanya nini.

Kwanza, kinachotokea kinywani

Asubuhi kabla hujapiga mswaki, pitisha ulimi juu ya meno. Ule utelezi unaousikia ndio ukoga. Watu hudhani ni mabaki ya chakula, kumbe ni bakteria kwa mamilioni waliojenga na kutulia juu ya jino. Anayetajwa zaidi katika kutoboka kwa meno anaitwa Streptococcus mutans. Wazee wetu waliosema jino bovu lina mdudu hawakukosea sana, ila mdudu mwenyewe haonekani kwa macho na wala hali jino. Anakula sukari uliyokula wewe, kisha anatoa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayolila jino.

Ganda la nje la jino, enameli, ndicho kitu kigumu kuliko vyote mwilini, kinaushinda hata mfupa. Limeundwa kwa madini ya kalisi na fosifeti yaliyoshikana kwa fuwele. Mate yakiwa katika hali ya kawaida, pH yake (kipimo cha uchachu, kikishuka ujue asidi imezidi) ikikaribia 7, madini hayo yametulia. Ukoga ukipata sukari, ndani ya dakika chache pH juu ya jino inashuka, na ikifika karibu na 5.5 enameli inaanza kuachia madini. Mtaalamu wa Marekani, Robert Stephan, aliupima mshuko huo miaka ya 1940, na mchoro wake unafundishwa hadi leo kwa jina lake: pH inaporomoka haraka, kisha inapanda polepole. Kurudi kwake huchukua dakika 20 hadi saa nzima.

Anayeipandisha ni mate. Mtu mzima hutoa takribani nusu lita hadi lita moja na nusu ya mate kwa siku, na mate hayo hayaloweshi chakula tu. Yanaipoza asidi na kurudisha madini kwenye enameli iliyoanza kulainika. Kwa hiyo kila siku jino linatoa na linarudishiwa. Ukilipa nafasi ya saa tatu au nne kati ya tamu moja na nyingine, linarudishiwa vya kutosha. Ukinywa soda kwa mafunda madogo madogo kuanzia saa 8 mchana hadi saa 10, saa zote mbili umeliweka jino ndani ya asidi, hata kama chupa ni ile moja tu ambayo mwenzako aliimaliza kwa dakika tano akiwa na sahani ya wali.

Hili lilithibitishwa kwa njia ninayoiandika kwa uchungu. Katika hospitali ya Vipeholm, mjini Lund nchini Sweden, kuanzia 1947 watafiti waliwalisha sukari kwa mpango watu wenye ulemavu wa akili waliokuwa wakiishi pale, bila ridhaa yao, wakiangalia meno yanavyooza. Waliopewa sukari pamoja na mlo hawakuongezeka sana mashimo. Waliopewa tofi za kunata kati ya milo meno yao yaliharibika vibaya. Maarifa tunayoyatumia leo yalilipiwa na watu ambao hawakuulizwa, na naona ni haki yao itajwe kila somo lao linapotumiwa.

Na kuhusu aina za sukari: asali, sukari guru, sukari ya kahawia, juisi ya miwa, zote ni chakula cha bakteria wale wale. Sukari ya kawaida ya mezani ina ubaya wa ziada, kwamba bakteria huitumia kutengeneza gundi inayowashikiza kwenye jino. Hata biskuti zisizo tamu sana na krispi za kwenye paketi zina wanga uliosagwa laini unaoganda kwenye mifereji ya magego na kugeuka sukari pale pale kwa nguvu ya mate. Tunda zima halina hatari kubwa, kwa kuwa sukari yake imefungwa ndani ya nyama ya tunda na kulitafuna kunaleta mate mengi. Likishasagwa kuwa juisi, sukari hiyo inakuwa huru.

Kisha, kwa nini mwili bado unaitaka

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu sehemu moja ya tano ya nguvu zote, na kwa kawaida nguvu hiyo inatoka kwenye glukosi, yaani sukari inayosafiri kwenye damu, takribani gramu 120 kwa siku. Chembe nyekundu za damu hazina chakula kingine kabisa. Mtu asiye na kisukari akiamka asubuhi bila kula huwa na glukosi ya milimoli 4 hadi 5.6 kwa lita ya damu. Ukiipima yote iliyo katika damu ya mtu mzima kwa wakati mmoja, ni kama gramu 4 au 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Mwili unalinda kijiko hicho mchana na usiku. Kikizidi, insulini inakisukuma kwenye misuli na ini. Kikipungua, ini linafungua akiba yake, ambayo ni gramu 100 hivi.

Sasa angalia sahani ya ugali na maharage. Unga wa mahindi ni wanga, na wanga ni glukosi iliyofungwa kwa minyororo mirefu. Inafunguliwa zaidi kwenye utumbo mwembamba, mbali na meno, kidogo kidogo kwa saa kadhaa. Wali, viazi, muhogo, ndizi za kupika, uji wa ulezi, vyote vinafanya kazi hiyo. Mtu anaweza kuishi maisha yake yote na asiguse sukari ya dukani, na ubongo wake usikose kitu. Mtoto anayehitaji "nguvu ya shuleni" anahitaji kifungua kinywa cha kushiba: kiazi kitamu, yai, uji wa dona wenye karanga. Soda na biskuti zitamrusha nusu saa halafu zimwangushe.

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari huru, yaani ile tunayoongeza pamoja na ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu za mlo wa siku, na ikiwezekana ishuke hadi asilimia 5. Kwa mtu mzima wa kawaida, asilimia 10 ni gramu 50, kama vijiko 12 vya chai. Asilimia 5 ni gramu 25, vijiko 6. Weka namba hizo karibu, tutazitumia sasa hivi.

Hatua ya 1: Hesabu siku moja, bila kubadilisha kitu

Chukua karatasi, ibandike jikoni. Kuanzia unapoamka hadi unapolala, andika kila kitu chenye utamu kinachoingia kinywani pamoja na saa yake. Usijikaze siku hiyo. Kula kama kawaida, lengo ni kuona.

Karatasi yangu ilisomeka hivi: saa 1 asubuhi chai vijiko 3. Saa 4 chai vijiko 3 na maandazi mawili. Saa 7 wali na soda. Saa 9 pipi mbili. Saa 11 jioni chai vijiko 3. Saa 3 usiku maziwa ya moto yenye sukari.

Mara sita. Kila mara ukiipa nusu saa hadi saa nzima ya asidi, meno yangu yalikuwa yanakaa saa tatu hadi sita kwa siku kwenye moto. Vijiko navyo: chai peke yake ilikuwa vijiko 9, gramu 36. Ongeza soda. Zinazouzwa sana hubeba karibu gramu 10 kwa kila mililita 100, kwa hiyo chupa ya plastiki ya nusu lita inaweza kumaliza gramu 50 peke yake. Lakini soma lebo ya chupa yako, maana hazilingani, kisha gawa gramu hizo kwa 4 upate vijiko.

Mfanyie hesabu mtoto pia. Kwake andika hata vya njiani: ubuyu wa rangi, barafu za mifuko, kashata ya getini mwa shule. Ubuyu hasa una mambo mawili, sukari ya juu na uchachu wa ndani, na mtoto huumung'unya mbegu moja baada ya nyingine kipindi kizima.

Hatua ya 2: Rudisha tamu kwenye mlo

Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote, na haikunyimi chochote. Vitu vile vile, kiasi kile kile, ila vihamie kwenye wakati wa kula. Ukiwa unatafuna chakula mate yanatiririka kwa wingi, na asidi ya soda na asidi ya ukoga vyote vinashughulikiwa kwa mkupuo mmoja. Pipi ya saa 9 ihamie baada ya chakula cha mchana. Chai ya saa 4 iungane na chakula chake, iishe, siyo kikombe kinachokaa mezani hadi saa 6 ukikinywa kikiwa kimepoa.

Wazee wa barazani wana desturi nzuri katika jambo hili bila kukusudia. Kahawa yao ni chungu, haina sukari kabisa, na utamu ni kipande kimoja cha kashata au halua. Anayekila mara moja na kunywa kahawa chungu baadaye ameliachia jino muda mrefu wa kupona. Anayemega kashata kidogo kidogo hadi adhana ya isha hana tofauti na anayemung'unya pipi.

Lenga mara zisizozidi tatu au nne kwa siku, na kati ya moja na nyingine kinywa kipate maji tu. Ukishindwa kuepuka tamu ya katikati, ile mara moja, uimalize, kisha sukutua kwa maji. Jojo isiyo na sukari nayo inasaidia, kwa sababu kutafuna kunaita mate.

Hatua ya 3: Shusha kijiko taratibu

Hapa ndipo mwili unapolindwa. Ukitoka vijiko 3 hadi sifuri kwa siku moja utarudi kwenye 3 kabla ya wiki kwisha. Punguza nusu kijiko, kaa hapo wiki moja au mbili mpaka ulimi uzoee, kisha nusu nyingine. Kijiko kiwe cha kusawazisha, si cha mlima. Nyumbani kwetu tulitia tangawizi, iliki na mchaichai zaidi kadiri sukari ilivyopungua, na hakuna mgeni aliyewahi kuirudisha chai yetu. Baada ya miezi miwili hivi, chai ya vijiko 3 ilinikinai.

Uji wa mtoto mdogo usiwekewe sukari tangu mwanzo. Hajaijua, hataidai. Ndizi mbivu iliyopondwa inatosha kuuboresha.

Hatua ya 4: Mswaki, na hasa wa usiku

Wengi wetu tulilelewa kupiga mswaki asubuhi, ili tusitoke nje na harufu. Kwa jino, wa usiku ndio muhimu zaidi. Ukilala mate hupungua sana, na ukoga uliolala na sukari unafanya kazi bila mpinzani hadi alfajiri. Piga usiku, dakika mbili, mara ya mwisho kabla ya kulala, na baada ya hapo ni maji tu. Kikombe cha maziwa yenye sukari kije kabla ya mswaki.

Tumia dawa ya meno yenye floraidi, ya kiwango cha ppm 1000 hadi 1500 (sehemu kwa milioni), kinaandikwa kwenye tyubu. Floraidi inajiunga na enameli inayojengwa upya, ikaifanya ivumilie asidi kuliko mwanzo. Ukimaliza, tema povu lakini usisukutue kwa maji mengi, vinginevyo unaimwaga dawa uliyoinunua. Hili lilinishangaza, maana nilizoea kusukutua mara tatu.

Kama umekula ndimu, ukwaju, embe bichi la pilipili au umekunywa soda, usikimbilie mswaki. Enameli imelainika, unaweza kuisugua ikatoka. Sukutua kwa maji, ngoja kama nusu saa hadi saa moja.

Mswaki wa mti, ule unaokatwa kwenye mti wenyewe wa mswaki, unasafisha vizuri ukitafunwa ncha ikawa nyuzi laini na ukasuguliwa kuanzia ufizi kwenda kwenye jino. Sioni sababu ya mtu kuuacha. Ukiweza, upake dawa yenye floraidi.

Kwa wasomaji wa Arusha, Meru, sehemu za Kilimanjaro, na Nakuru upande wa Kenya: maji mengi ya huko yana floraidi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linaweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita, na katika Bonde la Ufa visima vingine vinapita hapo mbali. Yale meno ya kahawia yenye mabaka yanatokana na maji hayo yaliyonywewa wakati meno yanajengwa ndani ya ufizi, kabla ya kama miaka 8. Hayatokani na sukari wala uchafu, na hakuna mswaki utakaoyaondoa, basi msimwaibishe mtoto. Magadi ya kulainishia makande nayo huwa na floraidi. Kuchemsha maji hakuiondoi, kunaizidisha kwa sababu maji yanapungua na yenyewe inabaki. Maji ya mvua yana kidogo sana, na kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimekuwa kikichuja floraidi kwa mkaa wa mifupa. Ukiishi maeneo hayo, muulize tabibu wa meno juu ya dawa ya kumpa mtoto aliye chini ya miaka 6.

Hatua ya 5: Watoto, kwa umri wao

Jino la kwanza likichomoza, lipigwe mswaki. Dawa iwe kiasi cha punje ya mchele hadi miaka 3, kisha kiasi cha njegere hadi miaka 6. Mzazi ndiye apige. Mtoto asiyeweza kufunga kamba za viatu mwenyewe hawezi kufikia magego yake ya nyuma.

Usimlaze na chupa ya maziwa yenye sukari, juisi au chai. Kimiminika kinatuama kwenye meno ya mbele ya juu usiku kucha, na ndiyo maana utaona mtoto wa miaka 2 meno yale manne yameliwa hadi kwenye ufizi huku ya chini yako salama, kwa kuwa yamefunikwa na ulimi. Akitaka chupa ya kulalia, iwe na maji.

Dawa za maji za homa na kikohozi nyingi zimetiwa sukari. Zimalizwe kama tabibu alivyosema, lakini dozi ya usiku itangulie mswaki.

Wekeni alama kwenye kalenda: miaka 6 na miaka 12. Hizo ndizo nyakati magego ya kudumu yanapoota. Miezi ya kwanza enameli yake bado haijakomaa na mifereji ni mirefu, yakitobolewa hutobolewa hapo. Uliza kama kliniki yenu inaweza kuziba mifereji kwa utando wa kinga kabla tundu halijaanza. Mimi sikuuliza, sikujua kama kuna kitu hicho.

Jambo moja la dharura: mtoto mchanga akiharisha au kupata homa, asipelekwe kung'olewa "meno ya nailoni", yale yanayoitwa pia ya plastiki. Vile vivimbe vyeupe kwenye ufizi ni meno yake halali yanayokaribia kuota. Watoto wamefariki kwa kuvuja damu na kuambukizwa baada ya kuchokonolewa, huku ugonjwa uliowaletea homa ukiachwa bila tiba.

Hatua ya 6: Kagua mara moja kwa mwezi

Tochi, kioo kidogo, kitambaa safi. Futa jino likauke, kisha angalia kando ya ufizi. Unachotafuta kwanza si weusi. Ni doa jeupe lisilong'aa, kama chaki. Hapo enameli imeanza kupoteza madini lakini haijatoboka, na kwa mswaki wa floraidi na kupunguza mara za sukari doa hilo linaweza kurudi kuwa gumu. Likishakuwa tundu halirudi, linazibwa.

Halafu angalia mifereji ya magego na sehemu meno yanapogusana. Muulize mtoto kama kitu kitamu au cha baridi kinamsisimua. Msisimko wa tamu unaopita haraka ni onyo la mapema, maumivu yanayokaa dakika nyingi au yanayoamsha usiku ni dalili kwamba mshipa wa ndani umefikiwa.

Hatua ya 7: Siku ambazo sukari ni dawa

Kuna nyakati hofu ya meno iwekwe kando kabisa.

Ya kwanza ni kuharisha. Kwenye ukuta wa utumbo, chumvi huvutwa kuingia mwilini ikiwa pamoja na glukosi, na maji yanaifuata. Bila sukari kidogo chumvi na maji hayaingii vya kutosha. Hiyo ndiyo siri ya ORS, yale maji ya chumvi na sukari anayopewa anayeharisha. Pakiti za kituo cha afya ni bora. Ukizikosa, lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Usizidishe sukari ukidhani unamsaidia mtoto, ikizidi inavuta maji kurudi kwenye utumbo na kuharisha kunaongezeka. Kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Anayenyonya aendelee kunyonya.

Ya pili ni sukari kushuka kwa mtu mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vinavyoishusha. Anatetemeka, jasho jembamba linamtoka, njaa inamkaba, anaanza kuongea yasiyoeleweka. Chini ya milimoli 3.9 kwa lita, mpe gramu 15 za sukari ya haraka: vijiko 4 vya chai kwenye maji kidogo, au nusu glasi ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Subiri dakika 15, pima tena, rudia kama bado, kisha ale chakula. Akiwa amezimia usimmiminie kitu mdomoni. Mlaze ubavu na mkimbize hospitali.

Mtoto mwenye malaria kali naye anaweza kuishiwa glukosi. Ukiwa njiani kumpeleka, na kama anaweza kumeza, anyonyeshwe au apewe maji ya sukari: vijiko 4 vya chai kwenye kikombe cha mililita 200.

Kinywa kisukutuliwe baadaye, mgonjwa akishatulia. Na mwenye kisukari awe mkali na fizi zake kuliko mtu mwingine, maana sukari ikiwa juu fizi huugua kwa urahisi, na fizi zikiugua sukari nayo inakuwa ngumu kudhibiti.

Hatua ya 8: Jino likishatoboka

Nenda lingali tundu dogo. Wengi wanaogopa mashine ile inayolia, na kwa wengi kwenda kwa daktari wa meno maana yake ni kung'oa. Kumbe ipo njia ya kuziba bila mashine wala umeme, na ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980: daktari anakwangua sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono, kisha anajaza kwa saruji maalumu inayoshikana na jino na kutoa floraidi polepole. Kwa jina la kitaalamu inaitwa ART. Imesambaa dunia nzima, na saruji hiyo iliingizwa mwaka 2021 kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi na dawa ya madini ya fedha inayosimamisha uozo kwenye meno ya watoto, ingawa huliacha doa jeusi. Ukifika kliniki uliza kwa majina: mnaziba kwa ART? Jino hili linaweza kutibiwa mzizi badala ya kung'olewa?

Gego la binti yangu lilizibwa hivyo, amekaa kwenye kiti dakika chache tu, bila sindano. Nilimshika mkono nikijiandaa kwa kilio ambacho hakikuja.

Wakati unasubiri siku ya kliniki, karafuu inatuliza kweli: mafuta yake yana kitu kinachotia ganzi. Dondosha kidogo kwenye pamba, gusa tundu, usimwage kwenye ufizi. Inatuliza tu, haitibu. Usiweke aspirini juu ya ufizi, itauunguza. Na usithubutu kuweka maji ya betri, ambayo bado watu wanashauriana. Ni asidi kali, itakula jino, ufizi na mfupa.

Maumivu makali yakikoma ghafla bila tiba, usishangilie. Mara nyingi mshipa umekufa na usaha unatafuta njia. Ukiona shavu au chini ya taya pamevimba, una homa, mdomo haufunguki vizuri, mate hayamezeki au pumzi inabana, usingoje asubuhi wala zamu ya kliniki ya meno. Nenda hospitali usiku huo huo.